Jino Lililotoka Paani

Jumanne, 3 Septemba

Naomba radhi kwa kimya cha miezi sita. Sijui namwomba nani, maana hakuna asomaye daftari hili, lakini adabu ni adabu hata mtu akiwa peke yake. Sikuandika kwa sababu hapakuwa na la kuandika. Mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minne, anayeishi na dada yake mjane katika nyumba ya wazazi, siku zake hufanana kama vigae vya paa.

Leo pana la kuandika. Jino langu limeng'oka.

Nilikuwa nabeba ungo wa pilipili kwenda kuzianika uani. Nikajikwaa kwenye jiwe la kizingiti, nikaangukia mdomo. Pilipili zikatapakaa juu ya mkeka, na vitunguu saumu vilivyokuwa pembeni vikafuata. Jino la mbele, la juu, upande wa kulia — halipo. Dada Bun-i alipiga magoti akalitafuta, na umri wake ni themanini na mbili. Akaokota kitu cheupe chenye damu, akanitia mkononi.

Nikataka kukitia mfukoni. Akanizuia.

"Jino haliwekwi mfukoni. Linatupwa paani."

Nikamwambia kuwa hiyo ni desturi ya watoto wanaobadilisha meno.

"Na wewe ni nani?"

Katika nyumba hii swali hilo sijapata kulijibu. Nikasimama katikati ya ua, mimi niliyefundisha lugha miaka yote ile, nikamwomba kunguru mwenye tumbo jeupe achukue jino kuukuu aniletee jipya. Mara ya kwanza likarudi kwa mserereko. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu likabaki. Dada akaridhika, akarudi kwenye pilipili zake.

Jioni nikagundua kwamba kila neno lenye sauti ya s linatoka na mluzi.

Alhamisi, 5 Septemba

Amekuja Yong-pil, mtoto wa baba mdogo. Umri wake sitini na minane, na mpaka leo hajui kuingia nyumba ya mkubwa wake bila kuanza kuzungumza barabarani. Nikamkaribisha. Mluzi ukatoka.

"Kaka, umeniita mimi au umemwita mbwa?"

Nikamtaka afike kwenye jambo lililomleta. Jambo lenyewe ni tambiko la mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani, ambao mwaka huu unaangukia Novemba, ukoo wetu utakapokwenda makaburini kuwalisha wahenga. Maombi huwa nayasoma mimi, tangu baba mdogo alipofariki. Husomwa kwa sauti moja ndefu, kwa lugha ya kale, bila kukosea hata pumzi. Yong-pil anasema kwamba safari hii ingefaa nipumzike.

"Wazee wamelala, Kaka. Ukiwapigia mluzi watadhani treni imefika, waanze kutafuta mizigo yao."

Dada alicheka jikoni. Nilimsikia.

Yong-pil huyo anameza silabi kama anayemeza vidonge. Na nafasi ya msomaji ina sheria yake: ukiikosa mwaka mmoja, haikurudii. Nimeishi bila mke kwa muda, bila kazi kwa muda mrefu zaidi. Sikusudii kuishi bila hilo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimekwenda mjini Daegu. Daktari wa meno anaitwa Pyo Ha-ryeong, mwanamke wa makamo, mwenye mikono midogo na maneno machache. Anawajaribia wazee tiba ya plazma baridi. Sikuwa nimepata kuisikia.

Kifaa ni kama kalamu. Nchani hutoka ulimi wa bluu, mfupi, unaolia kama nyuki aliye mbali. Nikavuta mkono.

"Haiunguzi, Mwalimu. Ni gesi iliyochokozwa na umeme mpaka ikawaka."

Akaupitisha juu ya ngozi yangu. Ulikuwa kama pumzi ya mtoto mchanga. Harufu yake ni ile ya uani baada ya radi.

Alinieleza hivi: mwanga huo ukipita kwenye mzizi wa jino lililong'oka, mzizi husafika na hupendeza. Jino likirudishwa penye pengo, nyama ya ufizi huota upya, huupanda mzizi na kuushika. Nikamuuliza, je, jino likiwa limekwisha kufa? Akasema hata mti wa uzio umekufa, lakini mmea unaoupanda u hai. Jibu hilo lilinipendeza. Lilikuwa na kiima na kiarifu.

"Sharti liwe jino lako. Umelihifadhi wapi? Kwenye maziwa?"

"Paani."

"Nani kaliweka?"

"Mimi."

Nilitazamia acheke. Akauliza tu kama nilimwomba kunguru. Nikakiri. Akasema, "Basi huenda bado lipo, siku hizi wamekuwa wavivu. Lilete."

Jumatano, 11 Septemba

Nilisema nitapanda mwenyewe. Dada akakalia ngazi. Akampigia simu Yong-pil, naye akaja na viatu vya mpira na furaha isiyomhusu.

Alitambaa juu ya vigae asubuhi nzima, akipiga kelele kama mchuuzi.

"Kaka, hapa pana kikoa! Hapa ukoo mzima umetafuna!"

Chini ya vigae vya ukingoni, ndani ya udongo na majani makavu, yalikuwamo meno. Madogo, ya utotoni — yangu, ya Dada, labda na ya babu. Yong-pil aliyashusha ndani ya kofia yake. Dada akayatandaza juu ya kitambaa. Yote yalikuwa ya watoto ila moja. Jino zima la mtu mzima, la mbele, lenye mzizi mrefu, jeusi kwa uchafu wa paani.

Nikashangaa limechafuka hivyo kwa siku nane. Yong-pil akasema, "Kwani lilipokuwa mdomoni mwako ulikuwa unalitazama?" Swali la kijinga. Nikalifunga jino kwenye leso.

Alhamisi, 19 Septemba

Limepandikizwa.

Daktari Pyo alilisugua jino, akalipitisha chini ya ulimi wa bluu muda mrefu, akiligeuza kama mtu anayechoma samaki. Kisha akalirudisha penye pengo, akalifunga kwa waya kwenye majirani zake. Liliingia vizuri kuliko alivyotazamia. Upande mmoja lina kijipengo kidogo, kama lililochongwa. Akaandika kwamba ni athari ya kuanguka.

Nisitafune kwa upande huo. Nile uji wa mchele. Nisile kimchi, ile kabichi kali ya kuchachusha, mpaka aseme.

Alhamisi, 3 Oktoba

Uji.

Waya umeondolewa. Daktari ananipitishia mwanga ufizini mara mbili kwa wiki. Anasema nyama imeanza kupanda. Nimesoma maombi yote uani, mbele ya mitungi ya maharage. Hakuna mluzi hata mmoja. Sauti ni nzito kidogo kuliko ya zamani, wala si vibaya.

Yong-pil alikuwa nje ya ukuta akisikiliza. Niliiona kofia yake.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu, maana kichwa changu hakina utaratibu.

Asubuhi Dada alikuwa anachambua pilipili kavu kabla ya kuzipeleka kinuni. Akaita. Kwenye kiganja chake palikuwa na jino la mbele la mtu mzima, safi, limekauka pamoja na pilipili, lina wekundu kidogo. Nililitambua mara moja. Lilikuwa na ule mstari wa rangi ya chai ambao nimeuona kwenye kioo maisha yangu yote, na ambao nilidhani Daktari Pyo ameusugua ukatoka.

Nikamuuliza, basi siku ile alinipa nini nikirushe paani?

Akafikiri. "Punje ya kitunguu saumu, nadhani. Miwani nilikuwa nayo kichwani."

Kwa hiyo mimi, Geum Yong-taek, nilisimama uani nikamtupia kunguru kitunguu saumu na kumwomba jino. Naye, kwa haki kabisa, hakuleta chochote. Jino lililomo kinywani mwangu lilikuwako paani tangu zamani.

Dada akaleta tochi. "Fungua mdomo." Nikafungua. Alitazama kwa muda. Kisha akaisogeza tochi karibu zaidi.

"Kijipengo hiki ni cha kiko," akasema. "Alikuwa anakibana hapa. Hapa hapa. Kiko cha mwanzi."

Mimi sijapata kuvuta tumbaku.

"Ng'ombe alimpiga kichwa zizini, wewe ukiwa bado unatambaa. Jino nilirusha mimi. Yeye alikuwa ameshika taya, ananiambia rusha kwa nguvu."

Ni jino la Baba.

Jumatatu, 21 Oktoba

Daktari Pyo aliposikia alikaa chini, kwenye kiti cha wagonjwa. Akaomba radhi kwa kuinama mara mbili. Alisema kwamba hajapata kumuuliza mgonjwa kama paani kwake kuna wengine. Kisha akapima, akapiga picha, akapima tena.

"Mwalimu, limeshika kuliko ya wagonjwa wangu wote. Mwili wako haujamwona mgeni."

Habari nyingine si nzuri. Mfupa wa taya nao umeanza kulikumbatia. Likitakiwa kutolewa, litolewe kabla ya wiki ya pili ya Novemba. Baadaye litatoka na kipande cha taya. Amenipa Ijumaa ya tarehe 8, saa nne asubuhi. Siku hiyo ama analitoa, ama analipitishia mwanga wa mwisho na kuliacha milele. Jino langu la pilipili anaweza kulijaribu mwakani, kama bado nalitaka.

Tambiko ni Jumapili ya tarehe 10. Likitolewa, nitasimama makaburini na pengo, na msomaji atakuwa Yong-pil, mwaka huu na miaka yote.

Jumapili, 27 Oktoba

Yong-pil amepeleka mambo kwenye baraza la ukoo. Wazee kumi na wawili, na kichwani pa chumba mkuu wa ukoo, Sang-u, mwenye miaka thelathini na sita. Anauza kahawa Seoul. Kwa kuwa yeye ni mzaliwa wa tawi la kwanza, sote tunamwinamia, na yeye huona haya kila mara.

Yong-pil alisimama akajenga hoja. Nakiri ilikuwa na mpangilio, jambo ambalo sikumtarajia.

Hoja ya kwanza. Kinywani mwa Kaka yumo Baba Mkubwa. Baba Mkubwa ni marehemu. Marehemu hapeleki chakula kwa marehemu; hupelekewa. Basi mahali pa kinywa hicho ni upande wa makaburi, si upande wa wanaotambika.

Hoja ya pili. Akibaki upande wetu, asimame safu gani? Jino ni la kizazi cha juu, mguu ni wa kizazi cha chini. "Tumweke mbele miguu ione aibu, au tumweke nyuma jino litukanwe?"

Mzee mmoja kiziwi akauliza ni nani aliyefufuka. Wakamweleza. Akasema Baba alikuwa anamdai koti. Wakamwambia jino halilipi madeni. Akauliza, "Sasa kwa nini linarudi?"

Mwingine akashauri tuchimbe kaburi la Baba, tulipeleke jino kwa mwenyewe. Mwingine akasema mwili tumepewa na wazazi na tunatakiwa tuutunze; Yong-taek ameutunza kupita wote, mpaka wa mzazi mwenyewe. Kikao kikapasuka pande mbili. Wakakubaliana kwamba mwenye kinywa aamue. Kisha wakaanza kubishana mwenye kinywa ni nani.

Sang-u alikuwa anazungusha kikombe. Mwishowe akasema, "Wazee wangu, mnisamehe. Jino ni la marehemu. Mali ya marehemu tunaulizana na mtoto wake mkubwa. Mtoto wake mkubwa akikubali libaki, Babu Mwalimu atasoma. Akikataa, litolewe."

Wote wakanigeukia.

"Si mimi," nikasema. "Mkubwa ni Dada."

Tangu baraza hili liundwe halijapata kumuuliza mwanamke chochote ila kama supu iko tayari. Yong-pil alikaa polepole, kama mtu anayekalia kiti asichokiona.

Jumanne, 29 Oktoba

Habari imeenea kijijini. Watu wananiinamia chini kuliko zamani, kisha wanachungulia.

Yong-pil ana taabu yake. Hawezi kuvuta sigara mbele ya baba yake mkubwa. Tulikaa naye barazani: nikifungua mdomo kusema, anaficha sigara nyuma ya mgongo, nikiufunga, anavuta. Nilipiga miayo mara moja kwa makusudi. Akaunguza koti.

"Kaka, hilo si jambo la mtu mzima," akasema, huku akijipangusa.

Ni kweli. Nikapiga miayo tena.

Jumamosi, 2 Novemba

Dada hajajibu baraza. Nimemuuliza mara tatu kwa njia ya kuzunguka. Anasema anafikiri.

Leo chakula cha asubuhi ameniandalia meza yangu peke yangu, na supu amenipa kwanza. Maisha yangu yote katika nyumba hii mimi hula wa pili. Akatia wali bakulini, akaupeleka karibu yangu kwa mikono miwili. Akainama.

"Shikamoo, Baba."

Nilishika kijiko. Nikamwambia, Dada, ni mimi.

"Wewe sijakusalimia. Ule ukipenda."

Salamu ilibaki hewani kati yetu. Kuitikia marahaba kwa dada aliyenibeba mgongoni — ulimi wangu haukukubali. Kutoitikia — salamu ya mtoto kwa mzazi wake iachwe bila jibu? Nikala. Lilikuwa kosa la tatu, huenda kubwa kuliko yote mawili, maana jino nalo lilikuwa linatafuna.

Jumatano, 6 Novemba

Yong-pil amepiga simu. Sang-u amepiga simu. Daktari Pyo amepiga simu kuuliza aandae koleo au kalamu.

Nimejaribu kusoma maombi uani. Sauti ni ya Baba. Sikuitambua mwanzoni. Naikumbuka kidogo: alikuwa akiita ng'ombe.

Alhamisi, 7 Novemba

Mchana. Naandikia chumbani kwangu, mlango umefungwa, na Dada yuko upande wa pili.

Baada ya kuosha vyombo aliingia sebuleni na tochi. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri ya kijivu, ile ya kutembelea makaburi. Akakaa mbele yangu.

"Fungua."

Nikafungua. Akamulika.

"Shikamoo, Baba. Ni mimi, Bun-i. Nina neno moja. Nilikuwa wa kwanza darasani. Si wa pili. Mwalimu alikuja mpaka nyumbani kukuambia, ukampa pombe ya mchele, mkacheka, akaenda zake. Kesho yake ukanipa ndoo. Ukasema huyu mdogo ndiye atakayesoma. Huyu alikuwa hajajua hata kupenga kamasi. Ulijuaje?"

Nikafunga mdomo ili niseme.

"Fungua. Sijamaliza, na si wewe ninayekuuliza."

Nikafungua tena. Mtu hawezi kusema akiwa na mdomo wazi. Ni moja ya mambo ambayo nilikuwa nawaambia wanafunzi. Mate yakanitiririka. Akayapangusa kwa pindo la nguo yake nzuri, kama alivyokuwa akinipangusa zamani, tochi ikiwa imetulia palepale kwenye kijipengo cha kiko.

"Sikuuliza ukiwa mzima kwa sababu hukuwa mtu wa kuulizwa. Makaburini huulizwi pia. Huko anasoma huyu, mimi napakua. Sasa umekuja mwenyewe. Nimeangalia, huna pa kwenda."

Akangoja. Alingoja vizuri, bila haraka, kama mtu aliyezoea.

Kisha akaniambia mimi, kwa sauti yake ya kawaida ya jikoni, uamuzi wake. Hatakubali wala hatakataa mpaka ajibiwe. Akijibiwa, libaki, nisome mpaka taya lichoke. Asipojibiwa, kesho saa nne litoke, na atalizika yeye mwenyewe, na sitaambiwa mahali.

"Lakini jibu liwe lake," akasema. "La kwako nalijua. Utaniambia zamani zilikuwa zamani."

Hilo hasa ndilo nililokuwa nimeandaa.

Nimerudi chumbani, kwenye chungu cha usiku, nikisema nahitaji kukojoa. Hajaondoka pale. Nimejaribu kuandika jibu ambalo Baba angelitoa. La kwanza lilikuwa na heshima na halikuwa na ukweli. La pili lilikuwa na ukweli, lakini Baba asingelisema. Nimelitamka la tatu polepole mbele ya kioo, kwa ile sauti ya kuita ng'ombe, na lilikuwa neno moja tu, la kuomba radhi, nalo mtu wa kizazi chake hamwambii binti. Kinywa kililitoa bila mluzi.

Sijui kama ni lake au ni langu. Sijui kama kuna tofauti inayoweza kupimwa na Daktari Pyo.

Anabisha mlango. Anauliza kama Baba amekwisha kukojoa. Uamuzi ukipatikana nitauandika hapa kabla sijamwambia Yong-pil, kabla sijamwambia mtu yeyote. Sasa naweka kalamu chini nikafungue.